Ndege Wawili Juu ya Altare

Jumapili, tarehe nane mwezi wa sita. Mvua ilianza kabla ya jogoo na ikakatika misa ilipokaribia, kwa hiyo watu waliingia kanisani wameshika viatu mkononi, miguu imepakwa udongo mwekundu mpaka vifundoni. Kufika saa sita jua lilikuwa limetoka, mabati yanatoa mvuke.

Leo nilikaa benchi la nne. Kwa miaka kumi na moja nilikaa la mbele, upande wa kina mama. Si kwamba mimi ni mtu mkubwa. Kitambaa cha altare kilikuwa kazi yangu, na mwenye kitambaa hukaa karibu ili upepo wa dirishani ukikipandisha aende akishushe. Leo kilichotandikwa si changu. Kimeshonwa na mwanamke mwingine, na ni kizuri kuliko vyote nilivyopata kushona. Hilo neno "kizuri" nimeliandika mara mbili na kulifuta mara mbili. Sasa naliacha likae.

Nataka kuandika jinsi mambo yalivyokwenda. Niliishia darasa la sita, na sijui kama nitaweza kulipanga jambo hili bila kujipendelea. Mtu akisimulia wivu wake mwenyewe, mkono unavuta upande mmoja kama baiskeli iliyopinda. Nitajaribu kuunyoosha kila nikiona umevuta.

Sindano nilifundishwa shuleni na mtawa mmoja aliyekuwa na miwani minene. Alituambia kitambaa cha altare hakipambwi, kinasema. Kila kilichochorwa juu yake kina neno lake. Alitupa karatasi laini zenye michoro ya kufuatisha: suke la ngano, kishada cha zabibu, samaki, taa inayowaka. Ngano ni mwili, alisema, zabibu ni damu, samaki ni siri ya watu walioamini wakiwa na hofu, taa ni mtu asiyelala. Mimi nilikuwa sijawahi kuona ngano ikiota, wala zabibu. Samaki niliwajua, wale wakavu wa kwenye magunia sokoni Arua.

Lakini maneno yale yaliniingia. Tangu hapo nikawa naona alama kila mahali. Majivu kwenye paji la uso siku ya kwanza ya Kwaresima, jinsi wengine wanavyoyafuta wakifika barabarani na wengine wanavyoyaacha mpaka jasho liyatoe. Tawi la Jumapili ya Matawi ambalo mama yangu alilichomeka juu ya mlango, likakauka hapo mwaka mzima, na radi ikipiga alilitazama kama anamtazama mtu. Jirani yetu Mwislamu akisomea maji kikombeni, mtoto wake mwenye homa akayanywa kwa heshima kuliko dawa. Wazee wetu wa Ayivu wakienda kwenye kilio na majani mabichi mikononi. Niliona kwamba watu wote, wa kusoma na wasiosoma, wana vitu wanavyovishika kwa sababu neno lenyewe ni kubwa mno kushikika.

Na watu walianza kuniuliza. "Mama, ile taa maana yake nini?" "Mama, kwa nini samaki?" Nami nikawaeleza, nimesimama kando ya altare, mkono mmoja juu ya kitambaa. Nikisema haki, hicho ndicho nilichokipenda, kuliko hata kushona. Mimi wa darasa la sita kuulizwa maana ya vitu, na waliomaliza sekondari wakasikiliza.

Yule mwanamke alihamia hapa kwetu Dadamu mwaka juzi. Alitoka ng'ambo ya mpaka, Sudani Kusini, na mabinti wawili. Mume alikufa huko. Hakusema namna gani, na sisi hatukuuliza. Alipanga vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga na akaanza kazi yake, ambayo ni kushona milaya. Asiyezijua milaya, ni zile shuka nyeupe za wanawake wa kule, zimedariziwa maua na ndege kwa nyuzi za rangi zote, pembeni zimefumwa kwa mkono. Alizianika kwenye waya mbele ya nyumba ili wanunuzi wazione. Watu waliokwenda kusaga muhogo walisimama na beseni kichwani wakitazama, na unga ukamwagika.

Nami nilisimama. Nilitazama nyuma ya shuka, kwa sababu mshonaji hujulikana nyuma. Kwangu mimi nyuma kuna mafundo na nyuzi zilizorukaruka. Kwake nyuma kulikuwa sawasawa na mbele. Nilihisi kitu kifuani, kama mtu aliyemeza kiazi cha moto na hawezi kukitema mbele za wageni. Nikaenda zangu. Njiani nilisema kwa sauti, peke yangu, "Rangi nyingi mno." Haikuwa kweli. Rangi zilitosha.

Kila Jumamosi kina mama husafisha kanisa. Yeye naye akawa anakuja, na Jumamosi moja tulikuwa bombani nyuma ya kanisa tukifua. Akakichukua kitambaa changu akakikunjua ili akisuuze.

"Dada, hapa umeshona nini?" akaniuliza. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha; mimi Kilugbara, yeye Kibari.

"Ngano," nikamwambia. "Mwili wa Kristo."

Akainama karibu, akapitisha kidole. "Hapana. Hii hapana ngano, dada. Hii iko mtama. Mimi nilikaa Khartoum, ngano nimeona na macho yangu. Ngano inasimama, iko na ndevu juu. Hii yako imeinama, inangojea ndege ikuje kula."

Wanawake wakaangua kicheko. "Kumbe miaka yote altare yetu iko na enyasa!" akasema mmoja, maana enyasa ni huu ugali wetu wa muhogo na mtama. Mwingine akasema, "Ndiyo Yesu anapenda kukaa hapa kwetu, amezoea chakula." Hata mimi nilicheka, meno tu.

Haki yake niiseme: hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyokwambia una jani kwenye nywele. Na alikuwa sahihi. Zile karatasi za mtawa zililiwa na mchwa zamani, na tangu hapo nilikuwa nashona kwa kukumbuka, na kumbukumbu yangu ilikopa kwenye shamba la nyuma ya nyumba bila kuniambia. Kwa miaka hiyo yote nilisimama nikiwaeleza watu ngano, na kidole changu kiko juu ya mtama.

Kwaresima ya mwaka huu wanaume walimaliza altare mpya ya saruji, ndefu kuliko ile meza ya mbao. Padri wa parokia angekuja kuibariki siku ya Pentekoste. Katekista wetu, mtu mpole mwenye kikohozi kisichoisha, alituita kina mama baada ya ibada. "Kitambaa cha zamani hakifiki," akasema. "Kinaacha saruji wazi kila upande. Nani atashona kipya?"

Nilinyoosha mgongo. Nilikuwa tayari na uso wa mtu anayekataa kidogo kabla ya kukubali.

"Tumpe huyu mama wa milaya," akasema mama mzee mmoja, ambaye mimi ndiye humshika mkono akipanda ngazi. "Mkono yake iko tamu."

"Ee, mkono yake iko tamu," wakaitikia wengine. Katekista akanigeukia. "Mama, wewe unaonaje?"

"Ni sawa," nikasema. "Ni sawa kabisa."

Nyumbani mume wangu aliniona nikipigapiga sufuria. "Sasa sufuria imefanya nini?"

"Hakuna kitu."

"Sikia, mama. Mimi najua mwanamke kuonea wivu mwanamke. Kuonea wivu shuka, hii ni mpya."

"Hainihusu shuka ya mtu!"

"Basi acha sufuria. Hata yenyewe haihusiki."

Baada ya Pasaka yule mwanamke mwenyewe aliniita nyumbani kwake nione kazi ilipofikia. Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Hakuna aliyenificha kitu, wala sikuchungulia dirishani. Aliniita ndani, akanipa kiti kilichokuwa na foronya iliyodariziwa, akamwambia binti mkubwa alete chai, akakitandaza kitambaa magotini mwangu ili nikiguse.

Kilikuwa cheupe, ukingo wote umefumwa kama povu. Katikati kulikuwa na ndege wawili wametazamana, na kati yao ua moja jekundu. Hapakuwa na msalaba, wala taa, wala samaki.

"Ni kizuri," nikamwambia.

"Kweli, dada? Wewe ndiyo unajua vitu ya altare. Kama iko mbaya niambie."

Aliniuliza. Niliweza kusema pale pale. Kwa sababu ndege wale niliwajua: miaka michache iliyopita ndugu wa mume wangu alioa Koboko, mji wa mpakani, akaoa binti wa watu wa ng'ambo, na sisi wanawake wa upande wa bwana harusi tulipelekwa kuona chumba. Kitandani kulikuwa na shuka yenye ndege wawili wametazamana na ua kati yao, na mashangazi wa bibi harusi wakaimba nyimbo ambazo siziandiki humu, daftari hili watoto hulifungua. Nilijua, nikanyamaza. Nikanywa chai yake mpaka mwisho. Nikajiambia nanyamaza kwa adabu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa katekista. Alikuwa ameipindua baiskeli anatia mnyororo mafuta. Naandika maneno kama yalivyokuwa, kwa sababu baadaye nilijaribu kuyakumbuka vizuri zaidi kuliko yalivyokuwa.

"Katekista, mimi sina neno na mtu," nikaanza.

"Ee."

"Lakini kile kitambaa. Zile ndege. Kwao ile iko shuka ya bibi harusi."

Mkono wake ukasimama. "Shuka ya kulalia?"

"Ya kulalia. Usiku wa kwanza."

Akakohoa kwa muda mrefu. "Na sisi tutaweka mwili wa Bwana hapo juu?"

"Mimi sisemi kitu. Mimi nakueleza tu."

Nilirudi nyumbani mwepesi. Kila nililosema lilikuwa kweli, na nilijipongeza kwa hilo njia nzima. Sikuwa nimeongeza hata neno. Ni siku kadhaa baadaye tu nilipokubali kwamba nilichagua njia ya kwa katekista kwa sababu njia ya kwa yule mwanamke ingemwacha na kazi yake.

Jumamosi yule mwanamke alileta kitambaa kanisani, na katekista akamuuliza mbele ya wote. Hakumuuliza vibaya. Yeye ni mtu wa haki, lakini hana namna ya kuuliza jambo kando. "Mama, kwenu ndege hawa huwekwa wapi?"

Yule mwanamke akatazama huku na huku. "Kwetu inakaa kitanda," akasema. "Kitanda ya bibi harusi."

Mmoja nyuma akasema, "Basi alete na mto!" Kicheko kikaenda mpaka mlangoni. Mimi sikucheka. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Lakini ndani, naomba nisamehewe ninavyoandika, ndani nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa kamba ya kiunoni.

Alikikunja kitambaa mara nne, taratibu, pembe juu ya pembe. Kesho yake waya wa mbele ya nyumba ulikuwa mtupu. Alikuwa amekwenda Koboko kwa dada yake, pamoja na mabinti, na yule mdogo alikuwa katikati ya muhula wa shule.

Kazi ikarudi kwangu. Zilibaki wiki tatu. Nilinunua kitambaa, nikakaa nikijiambia kwamba safari hii nitashona ngano ya kweli. Kuitafuta, nikaenda dukani nikachukua paketi ya unga wa ngano, ule wa chapati, kwa sababu juu yake kuna suke limechorwa. Nikalitazama. Limesimama wima, lina ndevu. Yule mwanamke alikuwa amelieleza kama anayelisoma kwenye paketi. Nikaanza kulinakili kwa kalamu. Mkono haukwenda. Nilishona suke moja, nikalifumua, nikalishona tena. Nyuma kukawa kama kiota cha panya.

Siku moja mama mzee yule aliyesifu mkono mtamu alipita akanikuta barazani. Akakaa, akauliza habari za kitambaa, kisha akasema, "Na zile ndege za yule mtoto wa watu, maana yake ilikuwa nini?"

"Nimewaambia. Ya harusi."

"Harusi nimesikia. Nauliza maana. Taa iko ya harusi pia, ya wale wanawali kumi, na ulitueleza taa ni mutu asiyelala. Ndege ni nini?"

Sikujua. Niliwapeleka ndege wale kwa katekista kama mtu anayepeleka mwizi, na sikuwahi kuuliza wanasema nini. Mimi, niliyejivuna miaka yote kwamba najua vitu vinavyosema. Nilimwambia mama mzee, "Sijui." Akanitazama kwa mshangao. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunisikia nikilisema neno hilo.

Usingizi ulikataa. Sikutubu haraka hivyo, nisijipake sukari. Kwanza niliwaza kwamba nikienda kuuliza na maana ikawa mbaya, nitakuwa nimeshinda kwa haki. Ndiyo nia niliyoondoka nayo nyumbani, angalau nusu yake.

Gari la kwenda Koboko lilikuwa na rozari na tasbihi zimetundikwa kwenye kioo kimoja, zinagongana kila kona. Nikamuuliza dereva yeye ni wa upande gani. "Mimi niko upande ya abiria, mama," akasema. "Siku ya leo wako nusu nusu."

Dada yake anakaa karibu na soko, msikiti unasikika. Nilimkuta yule mwanamke barazani ana kazi magotini. Hakuinuka.

"Karibu," akasema. "Umekuja kununua shuka?"

"Hapana, dada."

"Iko nyingi. Iko hata ya mutu hapana na bwana."

"Nimekuja kukuuliza zile ndege zinasema nini."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Sasa ndiyo unauliza. Mutu anafunga ng'ombe ya jirani, anachinja, anakula, halafu anauliza, hii ilikuwa dume ao jike?"

Nikakaa chini kwenye mkeka bila kualikwa. Alianza kusema, hakuniangalia, aliisemesha sindano.

"Kwetu msichana anaanza hii shuka akiwa mdogo. Hapana na bwana, hapana na mutu hata mmoja. Mama yake anamwambia shona ndege mbili. Moja iko wewe. Ingine hujui iko nani. Unashona uso yake na hujui uso yake. Unaweka sandukuni. Mgeni ikikuja, mgeni mkubwa, ndiyo unatandika. Kitanda, ndiyo. Hata kiti. Mama yangu akikufa tulimfunika na yake, kwa sababu huko anaenda, hajui nani atampokea. Ile kitu si ya kulala, dada. Ile kitu iko ya kungoja."

Kisha akasema, polepole zaidi, "Yangu ilibaki kule. Bwana yangu alizikwa bila kitu. Katekista akisema altare mpya, mimi nikawaza, Yesu iko vile vile. Kila Jumapili mnangoja, na uso yake hakuna mutu ameona. Basi nikaweka ndege."

Nitaandika ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huruma. Nilimwonea wivu tena. Mara hii nilimwonea maneno. Miaka yangu yote nilibeba maana za mtawa kama mtu anayebeba barua ya mwingine, na huyu mwanamke hakuwa na karatasi yoyote, na alikuwa amesema jambo ambalo sijapata kulisikia kwenye mahubiri. Huruma ilikuja ya pili. Ilikuja, lakini ya pili.

"Ni mimi nilimwambia katekista," nikasema.

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Ulikunywa chai yangu yote na hukusema hata neno moja mbaya juu ya kazi. Mshonaji hawezi kukosa neno. Nilijua ile siku."

"Nisamehe."

"Malesh," akasema, neno lao la pole, lakini alilisema kama anafukuza inzi. "Kuniambia mimi hapa barazani iko rahisi. Mimi walinicheka kanisani. Jumamosi. Wote wakiwepo. Nenda sema kule kule."

Hakuna aliyenipa chai siku hiyo, na sikustahili.

Jumamosi iliyofuata, tulipomaliza kufagia, niliomba watu wakae. Nikasema ndege wale maana yake ni hii na hii, nikasema kama alivyoniambia, sikupunguza. Halafu nikasema, "Nilikwenda kwa katekista kwa sababu kazi yake inashinda yangu. Kama yangu ingeshinda, ningenyamaza."

Yule aliyesema alete na mto akainamisha kichwa. Mwingine, ambaye huwa hakosi la kusema, akasema, "Mama, hii si ungemwambia padri kwenye kitubio, na sisi tungeenda nyumbani kupika?" Wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa changu peke yangu. Kilikuwa kikali kama nilivyodhani. Mama mzee hakucheka. Aligonga fimbo yake sakafuni akasema, "Aitwe."

Katekista alimpigia padri simu pale pale, akamweleza kwa marefu, ndege, harusi, kungoja, mpaka kikohozi kikamkata. Sote tulimsikia padri akijibu: "Kitambaa iko nyeupe? Iko safi? Basi tandika, mwalimu, nina watu ofisini."

Yule mwanamke alirudi Alhamisi na mabinti wake. Jumapili ya leo ilikuwa karibu mno, kwa hiyo jana nilipewa kitambaa chake nikipige pasi, kwa kuwa pasi ya mkaa ya kanisa inakaa kwangu. Nilikitandaza mezani, nikapuliza makaa. Kulikuwa na wakati, mfupi, wa urefu wa Salamu Maria moja, ambapo pasi ilikuwa juu ya lile ua jekundu na mkono wangu haukusogea. Makaa hudondoka, kila mtu anajua makaa hudondoka. Nadhani nilikuwa nasikiliza kama kuna mtu ndani yangu atakayenizuia. Kisha mkono ulisogea. Sijui nani aliusogeza. Ningependa kusema ni mimi.

Na leo padri alibariki altare, akanyunyiza maji, akapaka mafuta, na kwenye mahubiri akaonyesha kitambaa. "Tazameni, Pentekoste! Roho Mtakatifu kama njiwa. Na huyu mama ametuwekea njiwa wawili, ili mmoja akichoka mwingine aendelee." Watu wakapiga makofi. Ndege wale si njiwa hata kidogo. Mikia ni mirefu, vichwani wana kishungi. Yule mwanamke, benchi la mbele, aligeuka akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Hakutabasamu. Aliinua nyusi tu, kidogo, kama wanavyofanya watu wawili wanaojua jambo moja. Nikainua zangu.

Sijui kama hapo nilifurahi. Kwa nusu ya misa nilitazama ukingo ule kama povu nikihesabu ingenichukua miezi mingapi.

Misa ilipokwisha tone la divai lilikuwa limeangukia kitambaa upande wa kulia. Tone la divai takatifu halifuliwi hovyo. Maji ya kwanza humwagwa kwenye ardhi safi, wala si kwenye mfereji, na kwa miaka kumi na moja kazi hiyo ilikuwa ya mikono yangu. Nilikwisha inuka. Nilikwisha kunja mikono ya gauni. Katekista akanipita, akakikunja kitambaa, akakiweka mikononi mwa yule mwanamke, akamweleza namna ya kumwaga maji. Hakunitazama, si kwa ubaya, alikuwa tu anafanya lililofuata. Mwanamke akaitikia kwa kichwa, akakipokea kwa mikono yote miwili.

Nikaishusha mikono ya gauni. Ilikuwa imejikunja vibaya, nikainyoosha nikitembea mpaka nje.

Nyumbani nilichemsha viazi vitamu, nikapika maharage mabichi na kuyatia karanga zilizosagwa. Mume wangu alikula sahani mbili, watoto wakagombania ukoko. Mimi nilikula viazi viwili, na maharage yalizidi chumvi.